GARI MOJA, KAZI MBILI: HISTORIA YA PIKAPU ILIYOINULIWA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia ya vyombo vya usafiri

Fungueni karatasi zenu, na kila mmoja awe na penseli karibu, maana leo kutakuwa na hesabu kidogo.

Somo la leo ni juu ya pikapu iliyoinuliwa. Bila shaka umekwisha kuiona barabarani. Ni gari lenye viti mbele na sanduku la mizigo nyuma, lakini limesimama juu kuliko magari mengine ya jamaa yake, na tairi zake ni kubwa. Likipita, watoto huacha mchezo na kulitazama. Mwenyewe atakuambia kwamba halishindwi na tope wala mawe. Siku moja atataka kuliuza, na pengine wewe ndiwe utakayelinunua, kwa sababu unataka gari la kwenda shambani siku ya Jumamosi, na gari hilo hilo la kwenda kazini siku ya Jumatatu.

Wazee wetu walisema, mshika mawili moja humponyoka. Je, gari moja laweza kushika kazi hizo mbili? Swali hili si jipya. Watu wamekuwa wakilijibu kwa nyundo na spana kwa muda wa karibu miaka mia moja. Tukiyafuata majibu yao mwaka kwa mwaka, tutajua la kufanya na gari lile, na tutajua la kuacha. Tena jambo lenyewe si dogo. Pikapu za kwetu hubeba mizigo, na mara nyingi hubeba watu pia. Anayekosea katika jambo hili hapotezi fedha tu.

PIKAPU YA KWANZA

Tuanze Marekani. Tarehe 15 Aprili 1925, kampuni ya Ford ilianza kuuza motokaa yake ya Model T ikiwa na sanduku la mizigo la chuma lililofungwa kiwandani. Bei yake ilikuwa dola 281. Kabla ya hapo, mkulima alinunua motokaa, kisha akamtafuta fundi wa kumtengenezea sanduku nyuma. Sasa aliipata tayari, akaenda nayo sokoni siku ile ile.

Motokaa ile ilisimama juu. Kwa nini? Kwa sababu barabara nyingi za mashambani Marekani wakati ule zilikuwa za udongo, na magurudumu ya mikokoteni yalikuwa yamezichimba mifereji mirefu. Motokaa ya chini ingekaa tumbo katikati ya mifereji hiyo. Basi kimo kile hakikuwa urembo. Kilitokana na hali ya njia.

Hata hivyo, nguvu ya injini ilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Magurudumu ya nyuma yalipozama katika tope, yale ya mbele hayakuweza kuvuta. Yalikuwa yakiongoza njia tu. Dereva alishuka, akatafuta matawi, mbao au farasi.

Weka jambo hili akilini, maana tutalirudia: pikapu ya kwanza ilikuwa juu, na bado ilikwama. Kimo peke yake hakitoshi.

NGUVU KWENYE MAGURUDUMU YOTE MANNE

Dawa ya kukwama ilikuwa kuyapa nguvu magurudumu yote manne. Wazo hili lilikuwako kabla ya Model T. Mwaka 1903 kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza motokaa ya mashindano ya namna hiyo. Marekani, katika jimbo la Wisconsin, mafundi wawili, Otto Zachow na William Besserdich, walibuni njia yao wenyewe, na mwaka 1908 wakapata hati ya kulinda ubunifu huo. Malori ya kampuni iliyotokana na kazi yao, iliyoitwa FWD, yalitumika sana katika Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini mkulima wa kawaida hakuweza kuyanunua. Yalikuwa mazito na ya bei kubwa. Mwaka 1931 kampuni ya Marmon-Herrington ilianzishwa katika mji wa Indianapolis, na tangu mwaka 1935 ikawa inachukua malori ya Ford na kuyatia ekseli ya mbele yenye nguvu. Hapo ndipo tunapoiona kazi inayofanana na ya leo: gari la kawaida laingia gereji, latoka likiwa gari la porini. Lakini na kazi hiyo pia ilikuwa ghali, na walionunua zaidi walikuwa majeshi, idara za serikali na makampuni.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na likataka gari la mfano liwe tayari kwa siku 49. Kampuni ndogo ya American Bantam ilimwita mhandisi Karl Probst achore gari hilo. Tarehe 23 Septemba 1940 gari la kwanza lilifikishwa mbele ya jeshi huko Maryland. Baadaye kampuni za Willys na Ford ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1945, Jeep zaidi ya 600,000 zilikuwa zimekwisha kutoka viwandani.

Fikiri maana yake. Kitu kilichokuwa adimu kabla ya vita, sasa kilikuwa kimejaa duniani. Askari wengi walikuwa wamejifunza kukiendesha na kukitengeneza. Na vita vilipokwisha, jeshi halikuhitaji magari yote yale.

GARI LA JESHI LAENDA SHAMBANI

Magari ya ziada yaliuzwa. Wakulima, wachimba madini na wawindaji waliyanunua. Viwanda navyo vikaona kwamba kuna wanunuzi. Mwaka 1945 Willys ilianza kuuza Jeep ya raia. Mwaka 1946 Dodge ilitoa pikapu iliyoitwa Power Wagon, iliyojengwa juu ya mfano wa lori dogo la jeshi. Hii ndiyo inayohesabiwa kuwa pikapu ya kwanza ya raia kutoka kiwanda kikubwa cha Marekani iliyokuwa na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 94. Gia zake zilikuwa nzito, za kuvuta na kupanda, si za kukimbia. Mwaka 1947 Willys nayo ikatoa pikapu yake.

Huko Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi katika shamba lake katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Aliona faida yake. Gari la kwanza la majaribio la kampuni yake, la mwaka 1947, lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 gari la Land Rover lilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Amsterdam. Bodi lake lilikuwa la aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita. Hilo ndilo gari ambalo Afrika Mashariki imelijua kwa jina la Landrova, likipita njia za mbuga na milima kwa miaka mingi.

Sasa tusimame kidogo. Yule mkulima wa Marekani aliyenunua Jeep ya jeshi iliyotumika alikuwa na shida ile ile uliyo nayo wewe. Shambani Jeep yake ilikuwa hodari. Lakini siku ya kwenda mjini ilikuwa ikilia, ikitetemeka na kula petroli. Shida ilikuwa nini?

Sikiliza kwa makini. Dereva alipokuwa barabarani, aliondoa nguvu kwenye magurudumu ya mbele kwa kutumia mkono wa gia. Lakini magurudumu yale yalikuwa bado yameshikamana na vyuma vya ndani. Yalipozunguka, yalizungusha ekseli, difu na propela ya mbele, vyote vikienda bure bila kazi. Vyuma vinavyozunguka bure huliwa bure, na petroli huenda pamoja navyo.

Mwaka 1948, karibu na mji wa Seattle, Arthur Warn alianza kutengeneza habu za kufungia kwa ajili ya Jeep zile za jeshi. Habu ni kile kitovu cha gurudumu. Kwa habu ya Warn, dereva alishuka, akaigeuza kwa mkono, na gurudumu la mbele likaachana na ekseli yake. Barabarani likazunguka peke yake kwa wepesi. Alipofika kwenye tope, alishuka tena, akaigeuza upande wa pili, na gurudumu likashikamana na vyuma vyake.

Mabwana na mabibi, kati ya mambo yote tutakayosoma leo, hili ndilo kubwa. Warn hakuongeza nguvu ya injini. Hakuinua gari hata kidogo. Alilipa gari njia ya kufunga na kufungua: likawa gari la porini penye pori, na gari la barabarani penye barabara. Mshika mawili moja humponyoka. Lakini huyu alitafuta namna ya kuliachia moja kwa hiari yake, na kulishika tena anapolihitaji.

KIMO CHAGEUKA KUWA FAHARI

Baada ya hapo kazi ilienea. Kampuni moja ya mji wa Minneapolis, iliyojulikana kwa jina la NAPCO, iliuza vifaa vya kuitia pikapu ya kawaida nguvu ya magurudumu manne. Mwaka 1957 Chevrolet ilianza kuuza pikapu zenye vifaa hivyo vikiwa vimekwisha kufungwa kiwandani. Mwaka 1959 Ford ikatoa za kwake. Sasa mtu aliweza kwenda dukani akanunua pikapu moja ya kufanyia kazi wiki nzima, na kuipeleka milimani mwisho wa wiki.

Na watu walikwenda milimani kweli. Mwaka 1953 kundi la Jeep zaidi ya 50 lilipita njia ya mawe ya Rubicon, katika milima ya California, kwa ajili ya furaha tu. Mwaka 1967 yalianza mashindano makubwa ya jangwani katika rasi ya Baja, Mexico, kutoka Tijuana hadi La Paz. Magari ya kazi yakawa pia magari ya michezo.

Hapo ndipo kimo kilipobadilika maana. Zamani gari liliinuliwa kwa sababu njia ilidai. Sasa wengine waliliinua ili lionekane.

Mfano unaojulikana sana ni wa Bob Chandler wa jimbo la Missouri. Alikuwa na pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1974, na alikuwa na duka la vipuri vya magari ya namna hii. Alitumia pikapu yake kulitangaza duka. Alitia tairi kubwa. Tairi kubwa zikavunja ekseli. Akatia ekseli kubwa zaidi, za malori. Ekseli zile zikaweza kubeba tairi kubwa zaidi. Injini nayo ikabidi iongezwe nguvu. Mwaka 1981 aliiendesha juu ya magari mabovu shambani, akayaponda. Mwaka 1982 alionyesha toleo jipya la pikapu hiyo, lenye tairi za kimo cha inchi 66, yaani kama sentimeta 168, sawa na kimo cha mtu mzima. Pikapu hiyo iliitwa Bigfoot, nayo ikawa mwanzo wa michezo ya magari makubwa inayojaza viwanja vya Marekani.

Chandler alipata sifa na biashara, na hatumlaumu. Yeye alitaka mchezo, na mchezo aliupata. Lakini tazama kilichotokea kwa gari. Magari ya namna hiyo hayaendi sokoni wala kazini. Hubebwa juu ya malori hadi uwanjani. Gari lililoanza na kazi mbili likabaki na kazi moja, ya kutazamwa. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Wakati huo huo Japani ilifuata njia nyingine. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968 ikiwa pikapu ya kawaida, yenye nguvu nyuma tu. Mwaka 1979 ikatokea Hilux yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ilikuwa na ekseli moja ngumu mbele, kutoka gurudumu hadi gurudumu, juu ya springi za vyuma bapa. Ilikuwa imara, lakini iliwarusha waliokaa ndani. Kwa wanunuzi wa Marekani, modeli ya mwaka 1986 ililetwa ikiwa na mpango mwingine mbele: kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake. Barabarani ilikuwa laini zaidi. Lakini waliotaka kuiinua waligundua kwamba shafti za mbele sasa zinapinda sana, na viungo vyake huchakaa upesi. Kilichotolewa kwa barabara kilichukuliwa kwa pori. Daima kuna bei.

HESABU YA KIMO

Sasa shika penseli.

Tuseme pikapu ilitoka kiwandani na tairi zenye kimo cha inchi 28. Mwenyewe akatia tairi za inchi 32. Je, difu imepanda inchi ngapi kutoka ardhini?

Wengi watajibu inchi 4. Si kweli. Ekseli imepita katikati ya gurudumu. Nusu ya 28 ni 14. Nusu ya 32 ni 16. Difu imepanda inchi 2 tu, yaani kama sentimeta 5.

Tuseme tena kwamba ametia springi ndefu, zilizoinua gari kwa inchi 4. Je, difu imepanda zaidi? Hata kidogo. Springi hukaa juu ya ekseli, au huning'inia kando yake. Huinua chasisi na bodi, lakini ekseli hubaki pale pale. Ni kweli kwamba tumbo la gari na bampa vimepanda, na tairi kubwa zimepata nafasi. Lakini gari zima limeinuka inchi 6, kama sentimeta 15, na difu, ambayo ndiyo inayogonga jiwe la kati, imepanda sentimeta 5 peke yake.

Na upana wa gari? Kama hakuongeza nafasi kati ya magurudumu, ni ule ule. Hapa ndipo hatari ilipo. Mtazame mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na mtu aliyebeba ndoo mbili mikononi. Nani ataanguka upesi akigeuka kwa ghafula? Uzito ukipanda juu, gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Ukiongeza watu waliosimama nyuma, uzito umepanda tena.

Hesabu ya pili. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Spidomita haijui kwamba tairi zimebadilishwa. Gawanya 32 kwa 28, kisha zidisha kwa 80. Spidomita ikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari linakwenda karibu kilometa 91. Dereva anadhani anatii sheria, kumbe amekwisha kuivunja. Tena breki ni zile zile za zamani, na sasa zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi.

Hesabu ya tatu ni ya mnunuzi. Kama gari limetembea na tairi hizo tangu mwanzo bila kurekebishwa, na kipimo cha safari chasema kilometa 70,000, ukweli ni kilometa 80,000. Muuzaji huenda asijue. Sasa wewe unajua.

UKIWA MBELE YA GARI LENYEWE

Historia imetupa masomo yake. Tuyatumie.

Kwanza, ingia chini ya gari uone limeinuliwa kwa njia gani. Kuna vipande vilivyotiwa kati ya bodi na chasisi? Kuna springi mpya, au vipande vilivyotiwa juu ya springi za zamani? Au ni tairi tu? Ukiona vipande vimewekwa kati ya springi na ekseli ya mbele, usilichukue gari hilo mpaka virekebishwe. Ukifunga breki kwa nguvu, vipande hivyo vyaweza kusogea, na usukani ukaharibika wakati unapouhitaji zaidi.

Pili, tazama mipira ya breki. Mwambie mwenzako ageuze usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Mpira ukivutika mpaka ukakaza, ni mfupi kwa kimo hicho. Tazama pia vyuma vya usukani. Kama vimelala kwa mshazari mkali, gari litayumba likipita kwenye shimo.

Tatu, fungua nati ya kujazia oili ya difu. Oili ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji yameingia. Gari hilo limevuka mto, na halikuhudumiwa baada ya kuvuka. Shika propela uitikise. Viungo vikilegea, vinataka kubadilishwa.

Nne, pima tairi zote. Ziwe za ukubwa mmoja. Magurudumu manne yakifungwa pamoja, tairi zisizolingana hushindana, na vyuma vya ndani ndivyo vinavyoumia.

Tano, jaribu magurudumu manne juu ya udongo au mchanga, usijaribu juu ya lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika pikapu nyingi za namna hii propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, hivyo huzunguka sawasawa. Kwenye udongo tairi huteleza kidogo na shida huisha. Kwenye lami hazitelezi, na vyuma hukazana mpaka kitu kivunjike. Ndiyo maana ya habu na mkono wa gia: funga penye utelezi, fungua penye lami.

UKISHALINUNUA

Wengi huanza na kuongeza. Wewe anza na kurudisha. Tumia fedha zako kwa utaratibu huu: breki kwanza, kisha usukani, kisha tairi nzuri zisizokuwa kubwa kupita kiasi, kisha shokapu zinazolingana na springi. Kimo kiwe cha mwisho. Na kama kimo ulichokikuta kimezidi haja yako, mwambie fundi akishushe. Hakuna aibu katika kushuka. Njia ya shamba lako ndiyo ikuambie kimo kinachotosha, si macho ya wapita njia.

Jifunze pia kutumia upepo. Ukipunguza kidogo upepo wa tairi kwenye mchanga, tairi hulala pana na kushika zaidi. Msaada huo haugharimu fedha, na mara nyingi hushinda kuinua gari. Lakini chukua pampu na geji ya upepo. Kabla ya kurudi kwenye lami, jaza upepo sawasawa, maana tairi laini ikienda kwa kasi hupata moto na kupasuka.

Mizigo mizito iweke chini, karibu na kichwa cha gari. Na kabla ya kubadili kimo cha gari, waulize wakaguzi wa magari na kampuni yako ya bima. Majimbo mengi ya Marekani yaliweka sheria za kimo cha gari au cha bampa, baada ya kuona kwamba bampa iliyo juu sana huingia katika kioo cha gari dogo badala ya kukutana na bampa mwenzake. Barabara ni ya watu wengi, nao wana haki ya kurudi nyumbani.

Basi, turudi kwenye swali letu. Je, gari moja laweza kazi mbili? Laweza. Power Wagon, Landrova na Hilux zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini haziwezi kuwa bora kabisa katika kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Kila ulichoongeza kwa ajili ya pori, uliza kimeondoa nini barabarani. Kama unaweza kukifungua na kukirudisha, kama habu ya Warn au upepo wa tairi, kitumie bila hofu. Kama hakirudi, kama kimo, pima mara mbili kabla ya kukata.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini motokaa ya Model T ilisimama juu? Kwa nini iliweza kukwama hata hivyo?

2. Habu za Arthur Warn zilimsaidiaje mwenye Jeep aliyekwenda mjini?

3. Tairi za inchi 30 zikibadilishwa kuwa za inchi 33, difu itapanda inchi ngapi?

4. Katika swali la 3, spidomita ikionyesha kilometa 60 kwa saa, gari linakwenda mwendo gani kweli?

5. Andika sentensi tano umshauri jirani anayetaka kununua pikapu iliyoinuliwa. Mtajie mambo ya kutazama kabla hajatoa fedha.

Majibu ya swali la 3 na la 4: inchi 1 na nusu, kilometa 66 kwa saa. Swali la 5 lisomeni darasani kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na msahihishane.

Kwaherini, mabwana na mabibi, mpaka somo lijalo.